Askari Mstaafu Asiye na Anwani

Treni itokayo katikati ya jiji la Stockholm kuelekea kaskazini-magharibi husimama Barkarby kabla ya kufika Jakobsberg. Barkarby palikuwa na kikosi cha jeshi la anga tangu mwaka 1938 hadi 1974. Uwanja wake wa ndege ulifungwa mwaka 2010, na juu ya ardhi ile ile sasa yamesimama maghorofa ya makazi. Manispaa ya Järfälla, ambayo makao yake makuu ni Jakobsberg, iliahidi kujenga nyumba 14,000 ili nayo ipatiwe reli ya chini ya ardhi. Nyumba, basi, zinajengwa. Lakini askari wa zamani aliyepoteza makao yake ataupataje mlango mmojawapo?

Sisi tusemao Kiswahili tuna sababu yetu ya kuuliza. Kati ya mwaka 1960 na 1964 askari wa Sweden walitumikia Umoja wa Mataifa huko Kongo. Wengi wao walipigana Elisabethville, mji tuuitao leo Lubumbashi, na ndege zao za kivita ziliruka katika anga ya Katanga. Waliporudi walikuta nchi ambayo haijaingia vitani tangu mwaka 1814. Nani angewaelewa? Sheria mahsusi ya kuwaangalia askari watokao katika operesheni za ng'ambo ilipitishwa mwaka 2010, nusu karne baada ya kikosi cha kwanza kuondoka kwenda Kongo. Sheria hiyo inalitaka jeshi kumfuatilia kila askari kwa miaka mitano baada ya kurejea.

Miaka mitano ni jambo jema. Ila majeraha ya akili hayasomi kalenda. Mtu aweza kufanya kazi vizuri miaka minane, kisha usingizi ukamkimbia, pombe ikaingia, ndoa ikavunjika, na kodi ya nyumba ikalimbikizwa. Akishafukuzwa kwa deni, jina lake huwekwa katika kumbukumbu za wasiolipa, na wenye nyumba wengi humkataa. Foleni ya nyumba za kupanga Stockholm nayo huhesabiwa kwa miaka.

Hapo ndipo anapokutana na mgawanyo wa ofisi. Makazi na ustawi wa jamii ni kazi ya manispaa. Matibabu ni kazi ya mkoa. Ufuatiliaji wa askari ni kazi ya jeshi. Kila ofisi yaweza kutimiza wajibu wake barabara, na bado mgonjwa akalala ngazini. Barua ya kliniki humfikiaje asiye na sanduku la barua? Dawa ya kutuliza akili huwekwa wapi, ikiwa mfuko wake huibwa kila wiki?

Marekani, pamoja na mapungufu yake mengi, iliziunganisha ofisi mbili. Wizara ya nyumba hutoa hati ya kusaidia kodi, nayo wizara ya wastaafu wa jeshi humpa mtu huyo huyo mhudumu wa kumfuata nyumbani. Mwaka 2010 wanajeshi wa zamani wasio na makao walihesabiwa kuwa takriban 74,000. Januari 2024 walikuwa chini ya 33,000. Finland nayo ilishika njia ya kutoa nyumba kwanza, matibabu baadaye, katika mpango wake ulioanza mwaka 2008, kwa watu waliokosa makao kwa muda mrefu. Baadhi ya manispaa za Sweden zimeifuata.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Uganda ilipopunguza jeshi lake kuanzia mwaka 1992, askari zaidi ya 30,000 waliondolewa kazini katika miaka michache. Katika stahili zao kulikuwa na fedha za mabati, mbegu na ada za shule za watoto. Haikutosha, lakini walioupanga mpango ule walijua kwamba askari asiye na paa hajarudi nyumbani.

Hapa Sweden kipo chombo kimoja ambacho naona hakitumiwi inavyostahili. Tangu mwaka 2010 sheria inazitaka manispaa na mkoa kuandika mpango mmoja wa pamoja kwa mtu anayehitaji huduma za pande zote mbili, naye akikubali. Mpango huo hutaja nani atafanya nini, na nani ndiye mwenye dhamana kuu. Ndugu wa mgonjwa anaweza kushirikishwa, ikiwa mgonjwa mwenyewe ameridhia. Kwa mtu aliyechoka kueleza habari zake katika kila dirisha, hilo si jambo dogo.

Na yule aliyepigana Kivu au Burundi chini ya bendera nyingine, akaja kuishi Jakobsberg? Sheria ya mwaka 2010 haimhesabu. Lakini mpango wa pamoja hauulizi mtu alivaa sare ya nani. Kwa majeraha ya vita na mateso, Msalaba Mwekundu una kituo cha matibabu Stockholm. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo yapaswa kumwitia mkalimani anapohitajika. Aseme tu tangu mwanzo kwamba lugha yake ni Kiswahili.