Barua za Ulaghai Zinapomfikia Mtoto Chuoni



Mtashangaa tumewaita wakati wa kuchuma majani chai tuzungumze habari za barua pepe. Kwani nani hapa ana kompyuta? Haya, tuulize hivi: nani ana mtoto katika Chuo Kikuu cha Embu, ama kule Nchiru, Chuo Kikuu cha Meru? Mnaona mikono ilivyo mingi.

Kuna mama mmoja katika vikundi tunavyovitembelea. Kijana wake alipata barua chuoni: sanduku lako la barua limejaa, litafungwa jioni, bonyeza hapa uandike neno lako la siri. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na nembo ya chuo. Akaandika. Mwizi akaingia, akasoma barua zote, akajua namba ya simu ya mama na karo iliyobaki. Baada ya siku mbili mama akapata ujumbe: akaunti ya chuo imebadilika, tuma karo kwa namba hii, mwisho ni leo saa kumi. Pesa ilikuwa ya zamu yake kikundini. Ikaenda yote. Hatusemi alikuwa mjinga. Hata sisi tungetuma.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba kijana alishuku usiku uleule, akanyamaza kwa aibu. Siku mbili zile zingetosha kubadilisha neno la siri na kupigia nyumbani. Tena kutoka sanduku lake mwizi aliwaandikia wenzake darasani, nao wakaamini kwa sababu jina wanalijua. Kwa hiyo wazazi, msiwe wakali sana. Mtoto anayeogopa kugombezwa hasemi.

Waambieni waisome anwani kuanzia mwisho. Za Embu huishia embuni.ac.ke, za Meru must.ac.ke. Mlaghai hutanguliza jina la chuo, kisha mwisho unakuwa mwingine kabisa. Lakini hiyo pekee haitoshi, maana sanduku la mwenzako likiibiwa, barua itatoka kwa anwani ya kweli. Barua ikiomba neno la siri, hata iwe ya mwalimu, isijibiwe. Aende ofisi ya kompyuta kwa miguu yake aulize.

Nasi huku, ujumbe wa karo ukija na haraka, tumpigie mtoto kwa namba tunayoijua. Ukishatuma kwa M-Pesa kwa makosa, peleka ule ujumbe wa kutuma kwa 456 mara moja, kwa maana hawa watu hutoa pesa upesi. Kisha nenda polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inamtoza mlaghai wa namna hii faini hadi shilingi 300,000, ama kifungo hadi miaka 3, ama vyote viwili.

Mkutano ujao kila mzazi aje na barua ya mtoto ya kuitwa chuoni. Tutanakili namba ya ofisi ya karo nyuma ya kitabu cha kikundi, na mweka hazina asitoe pesa ya karo kabla ya kuipiga.