Utumbo Ukiziba Usingoje Asubuhi

(Maneno tuliyowaambia wanachama mkutanoni Ziwani, Nairobi)



Leo hatukuja kwa habari ya mishahara. Twataka kusema juu ya ugonjwa ambao wanaume wauonea haya na wanawake waunyamazia.

Utumbo ni njia ya chakula. Njia hiyo ikiziba, dalili zake ni hizi: maumivu ya kukata yanayokuja na kupoa, tumbo kuvimba, kutapika, na kukosa choo hata upepo usitoke. Sababu tunazozijua katika nchi zetu ni ngiri iliyobanwa, utumbo kujisokota, na makovu ya operesheni ya zamani. Lakini iko sababu nyingine, ya nadra, nayo huwapata wanawake.

Ndani ya tumbo la uzazi mna utando ambao kila mwezi hubanduka na kutoka pamoja na damu. Kwa wanawake wengine nyama ya namna hiyo huota nje ya tumbo la uzazi. Ugonjwa huu waitwa endometriosisi. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema huwapata kama wanawake 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Kwa baadhi yao huota juu ya utumbo. Kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea, kisha hufanya kovu. Kovu likiongezwa juu ya kovu, utumbo hukunjika na kuwa mwembamba, na kwa wachache sana huziba kabisa. Hata madaktari huweza kudhani ni saratani au kidole tumbo. Mara nyingi ukweli hujulikana baada ya operesheni, kipande kikitazamwa kwa darubini.

Asiyeamini kwamba ugonjwa huu hutembea mwilini na amkumbuke Njambi Koikai, mtangazaji wetu wa Nairobi. Yeye ulimshika kifuani, mapafu yakawa yakianguka. Mwaka 2018 Wakenya walichanga fedha akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Aliporudi aliwafundisha watu waziwazi juu ya ugonjwa huu, mpaka alipofariki Juni 3, 2024.

Sasa, ndugu, twafanyaje?

Kwanza nyumbani. Mama akiwa na dalili zile za kuziba, msimpe chumvi ya haluli wala mafuta ya mbarika. Kusukuma mlango uliofungwa ni kuuvunja: utumbo waweza kupasuka. Msimpe chakula. Mpelekeni hospitali usiku ule ule, wala msingoje gari la asubuhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Pili, dada zetu. Maumivu ya hedhi yanayokulaza kitandani kila mwezi si desturi ya wanawake, na si uvivu. Ukiumwa wakati wa kwenda choo katika siku hizo, au tumbo likijaa na choo kigome, andika tarehe, umwonyeshe daktari. Tarehe hizo zitamsaidia kuliko maneno mengi.

Tatu, kazini. Nyapara akisema, "Huyu huugua kila mwezi, afukuzwe," mjumbe wa chama asikae kimya. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ni kiasi cha chini. Mapatano ya chama yaweza kuzidi hapo. Lakini sharti umpe mwajiri habari mapema na ulete cheti cha daktari. Bila cheti, hata sisi mikono yetu imefungwa.

Wanaume, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Anayeumwa ni mke wako, ni binti yako, ni mwenzako wa kazi.

Mwenye swali na aulize.