Kijana aliyetoka porini na mtu mwenye kamera

Maneno tuliyowaambia vijana wa vikundi vya rap vya Kasongo na Kabambare, pamoja na wazazi na walimu wao

 

Mlituomba tuzungumze juu ya filamu na wanamuziki wa rap. Tunakubali, lakini tutaanza na swali lililokwisha kuulizwa mara nyingi katika vijiji vyetu. Anakuja mgeni na kamera. Pengine ni mwandishi wa habari, pengine ni shirika la misaada, pengine ni sisi wenyewe. Anasikia kwamba kuna kijana anayeimba vizuri, na kwamba kijana huyo aliwahi kubeba silaha. Mgeni anafurahi sana! Anataka uso, jina, wimbo, na hadithi ya siku ile mbaya kuliko zote. Je, kijana akubali? Baba na mama waseme nini?

Hatutajibu kwa maneno ya semina. Tutamchukua mtu mmoja aliyepita njia hiyo mpaka mwisho, tuone alipata nini na alilipa nini.

Anaitwa Emmanuel Jal, Mnuer wa Sudani Kusini. Alizaliwa mnamo mwaka 1980; tarehe yenyewe hakuna aliyeiandika, kama ilivyo kwa wengi wetu hapa. Vita vilimchukua mama yake akiwa mtoto mdogo. Akatembea pamoja na watoto wengine mpaka kambi za wakimbizi za Ethiopia, na huko akaingizwa katika jeshi la waasi la SPLA. Sisi Wacongo hatuhitaji kufafanuliwa. Tangu vita vya AFDL vya 1996 na 1997 tunalo neno letu wenyewe, kadogo, na kila mtu hapa analielewa.

Aliyemtoa vitani ni mwanamke Mwingereza, Emma McCune, mfanyakazi wa misaada aliyekuwa ameolewa na kamanda Riek Machar. Alimficha mtoto huyo akampeleka Nairobi. Mwaka 1993 Emma akafa katika ajali ya gari mjini humo humo, na Jal akabaki Kenya akilelewa na watu wengine. Ni katika miaka hiyo ya Kenya ndipo alipoanza kuimba, na anaimba kwa Kiingereza, Kinuer, Kiarabu na hiki Kiswahili chetu. Wimbo wake «Gua», neno ambalo kwa Kinuer ni amani, ulipendwa sana katika redio za Kenya. Mwaka 2005, mwaka ule ule mkataba wa amani wa Sudani ulipotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari, alitoa sahani iitwayo «Ceasefire» pamoja na Abdel Gadir Salim. Salim ni Mwislamu wa kaskazini, mwanamuziki mwenye heshima. Jal ni Mkristo wa kusini, na watu wa kaskazini ndio aliofundishwa kuwachukia. Tunalisimama kidogo jambo hili kwa sababu katika Kasongo, ambapo msikiti na kanisa vinasikilizana adhana na kengele, mnajua uzito wake.

Sasa tuje kwenye filamu.

Mara ya kwanza sauti yake kufika katika sinema kubwa, uso wake haukuwepo. Wimbo «Baai», alioufanya na Salim, uliwekwa katika muziki wa filamu «Blood Diamond» ya mwaka 2006. Filamu hiyo inaonyesha vita vya almasi huko Sierra Leone, na ndani yake mtoto wa mvuvi anachukuliwa na waasi na kufanywa askari. Watu wa Namoya na Salamabila, ambako dhahabu iliwaleta vijana na bunduki zikaja nyuma yao, hawatashangaa na hadithi hiyo. Lakini angalieni namna Jal alivyoingia: kazi yake ilisikika, na hakuna aliyemwuliza aliua nani. Kwa maoni yetu huo ni mlango mzuri wa kwanza kwa kijana yeyote. Wimbo uende mbele, uso ungoje.

Halafu ikaja «War Child», filamu ya ukweli, siyo ya kuigiza, iliyotengenezwa na Karim Chrobog. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mwaka 2008, na mwaka huo huo huko New York ikapata zawadi ya watazamaji katika tamasha la Tribeca. Ndani yake mnamwona Jal akirudi kwao baada ya miaka kama 18, akikutana na jamaa yake. Mnamwona jukwaani na mbele ya wanafunzi. Tena kuna picha za zamani za kambi, ambamo yeye mwenyewe anaonekana akiwa mtoto.

Hizo picha za zamani ndizo zinazotuhangaisha. Yule mtoto wa kambini hakuchagua. Mtu alikuja na kamera, akapiga picha, akaondoka. Miaka 20 baadaye picha ilikuwa bado ipo. Jal alikuwa na bahati kwamba zilirudi mikononi mwa mtu aliyezitumia pamoja naye, kwa ridhaa yake. Lakini ni watoto wangapi wa makambi, wa Kindu, wa Kalemie, wa Goma, ambao nyuso zao zimehifadhiwa katika makabati ya mbali, na hawajui?

Na mtu mzima aliyesimama mbele ya Chrobog alikuwa na umri wa miaka 28 hivi. Alikuwa na sahani zake, alikuwa na marafiki, alikaa mbali na makamanda wake wa zamani. Alijua kukataa. Tusimlinganishe na mtoto wa miaka 15 aliyerudi kwa mama yake juzi, ambaye kamanda wake anakunywa chai kwenye soko lile lile.

Mwaka 2014 alicheza katika filamu ya Marekani, «The Good Lie», iliyoongozwa na Philippe Falardeau, akiwa pamoja na Reese Witherspoon. Ni hadithi ya watoto wa Sudani waliotembea mpaka kambi ya Kakuma, Kenya, kisha wakapelekwa Marekani. Jal anaigiza mtu anayeitwa Paul, mwenye hasira na huzuni, anayefanya kazi kiwandani. Mwenzake Ger Duany naye alikuwa askari mtoto kweli. Hapa kuna jambo la kujifunza: kuigiza ni pazia. Machozi ni yako, jina ni la mwingine. Michezo ya kuigiza tunayoifanya vijijini inafanya kazi hiyo hiyo. Kijana anasema yote kwa mdomo wa «Paul», na jirani hawezi kumshika shati kesho yake.

Hata hivyo, sisi tunaipenda «War Child» zaidi. «The Good Lie» ni filamu nzuri, watu wanacheka na kulia, lakini ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Mmarekani aliyekaa kwenye kiti chake. Na kuna habari yake nyingine ambayo haikuandikwa kwenye tangazo. Mwaka 2015 wakimbizi 54 wa Sudani walifungua kesi katika mahakama ya Atlanta. Walidai kwamba mwaka 2003 walimsimulia mwandishi na mtengenezaji maisha yao, masaa mengi, na kwamba hadithi hizo zilikuwa mali yao pia. Mwaka uliofuata jaji aliruhusu sehemu ya madai yao iendelee. Wazee wetu, mnasikia? Hadithi ya mateso inaweza kuwa mali yenye mwenyewe, na watu wanaweza kuidai mbele ya jaji. Basi kijana wa Kabambare asiitoe kwa sabuni na soda moja.

Mtaniuliza: je, umaarufu haumlindi mtu? Hapana, si kila mara. Mwezi wa tisa mwaka 2012, wakati dunia yote ilikwisha kumjua, Jal alieleza kwamba alipigwa na polisi mjini Juba. Na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2013 vita vilianza tena katika nchi yake, hata kabla filamu ya pili haijatoka. Filamu haisimamishi bunduki. Tunayasema haya kwa sababu kuna wageni wanaowaahidi vijana kwamba wakisema mbele ya kamera, vita vitaisha.

Kwa habari ya watoto, sheria ipo. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuwaingiza wenye umri chini ya miaka 18 jeshini au katika vikundi vyenye silaha. Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinataka mtoto aliyetoka katika vikundi alindwe, na jina lake lisitangazwe. Hata Mahakama ya La Haye, ilipomhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto wa Ituri, ilikuwa imewaficha nyuso mashahidi wengi na kubadilisha sauti zao. Ikiwa majaji wenye walinzi mlangoni waliona lazima, sembuse sisi? Na tuongeze: hapa kwetu kufunika uso hakutoshi. Mtu anatambuliwa kwa shati, kwa namna ya kutembea, kwa mwembe ulio nyuma yake.

Ni neno la zamani katika nchi hii. Kiswahili chetu kilifika Maniema pamoja na misafara ya Tippu Tip, na watoto wa wakati ule walibeba pembe na bunduki. Habari zao tunazisoma zaidi katika vitabu vya wasafiri Wazungu. Ndiyo sababu hatusemi «nyamazeni». Tunasema hadithi ibaki mikononi mwa mwenyewe.

Wengine wameshika kamera wao wenyewe. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukua Ubelgiji, alianza na rap, akaigiza baba katika filamu «Binti» ya mwaka 2019, kisha mwaka 2023 akaongoza filamu yake «Augure», iliyopata zawadi Cannes. Simu zenu zinapiga video. Anzeni na wimbo mmoja juu ya jambo mnalolijua, kwa mfano mashamba yanayogombaniwa, na mwonyeshe kwanza nyumbani.

Jal alirudisha nini kwao? Alianzisha shirika Gua Africa kwa ajili ya masomo, na kuanzia mwisho wa mwaka 2008 alikula mara moja tu kwa siku, kwa zaidi ya mwaka mmoja, ili kukusanya pesa za shule ya kumkumbuka Emma huko Leer. Mgeni mwenye kamera aulizwe hivyo hivyo: nini kitarudi kijijini, na nani atatuletea filamu tuione kabla ya watu wengine? Aulizwe kanda itahifadhiwa wapi, na kijana akibadilisha mawazo mwezi ujao ampigie nani. Asipojibu, mpeni maji ya kunywa na mumsindikize kwa heshima.

Sasa, kabla ya kuwasha mashine na kutazama, kila kikundi kichague watu wawili, mmoja wao awe msichana. Watakaa na wazazi kesho asubuhi ili waandike maswali hayo kwenye karatasi moja, yabandikwe kwenye mlango wa redio ya hapa na kwenye ofisi za teritware zote mbili.