Msuli Unapoamriwa Kulegea

Mkono unapoinua kikombe cha chai, amri hutoka kwenye tabaka la juu la ubongo, katika ukanda unaoshuka kutoka utosini kuelekea masikioni. Neva nyingi zinazobeba amri hiyo huvuka upande wa pili zikifika chini ya ubongo, ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto hupoozesha mkono na mguu wa kulia. Amri hushuka ndani ya uti wa mgongo, ikapokewa na neva nyingine inayokwenda hadi kwenye msuli. Katika neva nene ishara hiyo ya umeme hufikia kasi ya mita 100 hivi kwa sekunde.

Hata hivyo, neva na msuli havigusani. Pana mwanya mwembamba mno kati yao, na umeme hauruki mwanya huo. Ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huamsha umeme wa msuli wenyewe. Kalsiamu hufunguliwa, nyuzi hupishana, msuli ukafupika.

Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu inayosemwa sana. Msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwa hiyo mkono una msuli wa mbele wa kukunja kiwiko na wa nyuma wa kukinyoosha. Yote miwili ikikaza kwa nguvu sawa, mkono hukakamaa palepale. Ndipo amri ya kukaza huandamana na nyingine, ya kunyamazisha neva za msuli pinzani ili ulegee. Charles Sherrington wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, aliuchunguza sana utaratibu huu.

Pepopunda huonyesha kinachotokea amri ya kulegea ikikosekana. Bakteria wake hukaa udongoni, wakaingia kwa jeraha la msumari au kwa kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu. Sumu yao hupanda ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huzuia neva za kutuliza zisimwage kemikali zake. Taya hujifunga. Mgongo hupinda kwa nyuma, kwa kuwa misuli yake huishinda ya tumbo. Mgonjwa ana fahamu zake zote, na kishindo cha mlango tu hutosha kumkaza upya. Dawa ya kuzima sumu haiifikii ile iliyokwisha kuingia ndani ya neva, hivyo nafuu huchukua wiki kadhaa. Mama mjamzito akichanjwa mapema, kinga humfikia mtoto kabla hajazaliwa.