Kitanda iko, mzalishaji hakuna

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafazili, Lushebere, kwa Siku ya Wakunga Duniani, tarehe 5 mwezi wa tano

 

Mimi si munganga. Kazi yangu katika shirika ni kuhesabu, kugawa vifaa na kuandika ripoti. Miaka michache iliyopita tulipeleka vitanda viwili vya kuzalia kwenye kituo kimoja cha afya huko milimani. Tuliongeza taa ya jua, beseni na makasi. Nilipiga picha, nikaandika kwenye ripoti: "Matokeo yamefikiwa."

Kisha wiki tatu nilirudi kule juu ya kazi nyingine. Nikakuta mama mmoja amelala juu ya kitanda chetu kimoja. Alikuwa amekwisha kuzaa, mtoto analia vizuri, lakini damu ilikuwa haikatiki. Muuguzi wa kituo alikuwa mmoja tu, na siku ile alikuwa ameenda kuchanja watoto kijiji cha mbali. Aliyebaki ni mama mzee anayefagia. Aliniangalia, akasema: "Kitanda iko, mzalishaji hakuna."

Vijana walimbeba na tipoi, wakakimbia naye. Hakufika hopitali. Mtoto alibaki na bibi yake. Na ile ripoti yangu haikubadilika: mpaka leo inasema matokeo yamefikiwa. Nimekuja hapa nikiwa na hilo deni.

Wengi wenu mlirudi kutoka Nakivale, Kiziba, Gihembe, ao kutoka kambi za wahami hapa hapa Masisi. Wamama wananiambia neno moja linaloniuma: "Kule kambini munganga alikuwa karibu na hema. Tumerudi kwetu, tumepata shamba, lakini munganga amebaki nyuma." Tulipanga kurudi kwa kuhesabu mahema, mbegu na majembe. Hatukuhesabu nani atawapokea watoto watakaozaliwa.

Tuseme hesabu kidogo. Uchunguzi wa taifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba katika Kongo, kwa kila watoto 100 000 wanaozaliwa wazima, wamama 846 walikufa juu ya mimba ao kuzaa. Ripoti ya dunia juu ya wakunga ya mwaka 2021 ilisema dunia inakosa wakunga 900 000, na Afrika ndiyo inakosa kupita wengine. Damu nyingi kisha kuzaa ndiyo sababu kubwa ya vifo hivi. Mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Lakini mzalishaji aliyesoma anajua la kufanya katika dakika za kwanza: kuchoma oksitosini, kusugua tumbo la uzazi likaze, kuangalia kama kondo limetoka lote, na kujua mapema ni nani wa kupelekwa hopitali. Hakuna kitanda kinachojua hayo.

Hapa kwetu tuna bahati moja. Hopitali kuu ya Masisi inasaidiwa na Médecins Sans Frontières tangu 2007, na wamama wenye mimba ya hatari wana nyumba ya kungojea karibu nayo. Tunawashukuru. Lakini wageni, hata wakiwa wema, ni wageni. Na hopitali moja haiwezi kuwa karibu na kila kilima. Yule mama wa tipoi hakukosa hopitali, alikosa mtu wa kumshika saa mbili za kwanza.

Sasa, kwa nini wazalishaji hawako? Wasichana wetu wanataka. Nimekutana nao, wana diplome ya Leta mkononi na wanalima maharagi. Kusomea uzalishaji katika ISTM ni miaka mitatu. Mzazi anatafuta feza ya minervali, feza ya staji, bluzi nyeupe, kodi ya chumba Goma, na chakula. Mzazi aliyerudi jana na kukuta ngombe wake wameisha atatoa wapi?

Tuseme amejikaza, ameuza shamba, mtoto amemaliza. Anakuja kwenye kituo, anatumika mwaka, miaka miwili, bila matrikile na bila mshahara wa Leta. Anakula nini? Anakula ile feza mama mzazi anayolipa. Ndiyo maana kuzaa kunakuwa bei, na mama asiyekuwa na feza anabaki nyumbani. Musimlaumu mzalishaji huyo. Tumempa masomo kwa deni na kazi bila mshahara, kisha tunamwambia awe na huruma.

Wengine wanasema dawa ni kufanya kuzaa kuwe bure. Nakubali. Lakini tukumbuke shule. Mwaka 2019 masomo ya msingi yalifanywa bure, watoto wakajaa, na tuliona darasa moja la watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja. Tulifungua mlango kabla ya kuandaa mtu wa kupokea. Tukirudia hivyo katika maternite, hasara yake ni makaburi.

Kwa hiyo ninaomba chama hiki kiseme jambo moja kwa sauti moja: masomo ya mzalishaji ni kazi ya serikali kulipa. Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti katika afya. Tunadai walichoahidi. Tunadai mambo matatu.

La kwanza, bursi za Leta kwa wasichana wa maeneo ya afya kama yetu ya Masisi na Walikale, pamoja na mkataba: unasomeshwa, unarudi kutumika kwenu. Uganda walifanya hivyo pamoja na UNFPA kwa wasichana wa sehemu ngumu kama Karamoja.

La pili, matrikile na mshahara tangu siku ya kwanza ya kazi. Bila hivyo mkataba ni karatasi tu.

La tatu, staji zifanyike hapa, chini ya mzalishaji mzoefu. Msichana anayejifunzia mjini peke yake atashindwa siku atakapokuwa na tochi ya simu na mvua ya Masisi. Na mjue kwamba ITM iko chini ya wizara ya afya, ISTM iko chini ya wizara ya masomo ya juu. Basi barua yetu iende pande zote mbili, isipigwe kama mpira.

Nimesikia maneno mawili ya kupinga. Papa mmoja aliniambia: "Mama yangu alizalishwa na bibi wa kijiji, na tuko hapa." Ni kweli, Papa, na wale mabibi tunawaheshimu. Waendelee kumsindikiza mama mpaka kituoni na kumshika mkono. Lakini wewe uko hapa kusema. Wale ambao mama zao walikufa hawana nafasi katika mkutano huu.

Mwingine alisema: "Msichana akisoma anaolewa Goma, harudi." Wengine hawatarudi, ndiyo. Lakini yule aliyezaliwa hapa ana sababu nyingi za kurudi kupita mgeni. Tena anajua kumwambia mama maneno ya kumtuliza kwa Kihunde ao kwa Kinyarwanda. Ninaomba tuchague wasichana kutoka jamii zote, bila kuuliza kabila. Siku ya uchungu hakuna mama anayeuliza mikono inayompokea ni ya ukoo gani. Kwa watu tuliogawanyika kama sisi, hilo si dogo.

Na chama kifanye nini tukingoja? Tuanze. Tukiwa nyumba 200 na kila nyumba ikitoa franga 1 000 kwa mwezi, tunapata franga 200 000. Haitoshi kusomesha wasichana wa Masisi yote, na musidanganywe kwamba likelemba inaweza kufanya kazi ya Leta. Lakini inaweza kumshika msichana mmoja asiache masomo katikati, na inatupa haki ya kugonga mlango wa mkubwa tukiwa na kitu mkononi.

Kwenu wafazili: vitanda tunavyo. Kabla ya kutuletea kingine, mutuulize kwanza nani atasimama pembeni yake usiku. Na siku mutakaposoma ripoti yangu imeandika "matokeo yamefikiwa", mutafute jina la mzalishaji ndani yake. Kama halimo, munirudishie.