Wosia wa Ng'ambo na Maskani ya Marehemu: Mstari Mmoja wa Fomu Unaotugharimu Miaka

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mawakili, machifu na wasaidizi wa kisheria, Mombasa

Nitakayosema ni maoni yangu mwenyewe, si msimamo wa Mahakama wala wa chama chochote. Sitagusa kesi iliyo mbele ya jaji. Mfano nitakaoutumia nimeutunga, kwa hiyo mtu asinifuate nje kuniuliza ni wa familia gani.

Waandaaji wameniagiza nianze na maana ya istilahi. Mnazijua, basi nitakwenda mbio. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi na mwenyewe na kushuhudiwa na watu wawili au zaidi. Ni kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na aliyeusia awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Wasii ni yule aliyetajwa na marehemu, msimamizi ni yule aliyeteuliwa na mahakama. Anayegusa mali ya marehemu bila hati ya mirathi, kifungu cha 45 kinamngoja na faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo siku hizi haimtishi mtu, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Maskani ya kisheria nayo ni nchi ambayo sheria inamhesabu mtu kuwa ya kwake. Huzaliwa nayo, kwa kawaida ile ya baba yake, na anaweza kuibadilisha akihamia nchi nyingine kwa nia ya kufanya huko makao yake ya kudumu. Hakuna asiye na maskani, na hakuna mwenye maskani mbili kwa wakati mmoja. Ndivyo isemavyo Sheria ya Maskani, Sura ya 37.

Sasa tufike kwenye lile lililonileta.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Urithi kinaigawa mali mafungu mawili. Ardhi na nyumba zilizo Kenya hufuata sheria ya Kenya, awe marehemu alikuwa na maskani Kenya, Canada au Omani. Mali inayohamishika, yaani pesa za benki, hisa, magari, vyombo, hufuata sheria ya nchi ya maskani yake siku aliyofariki. Kisha kinaongeza kwamba aliyekuwa akiishi Kenya kwa kawaida kabla ya kufa atachukuliwa kuwa na maskani Kenya, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo swali la maskani huamua ni sheria ya nchi gani itaigawa akaunti ya benki, na ni nani atakayekuwa na haki ya kulalamika.

Ndiyo maana Kanuni ya 7 ya Kanuni za mwaka 1980 zilizo chini ya Sheria hiyo inamtaka mwombaji ataje siku na mahali marehemu alipofia, makazi yake ya mwisho, na nchi ya maskani yake. Ni mambo matatu tofauti. Nendeni masjala yoyote ya mirathi mfungue majalada. Mtakuta tarehe ya kifo imeandikwa kwa uangalifu na nambari ya cheti cha kifo imenakiliwa vizuri. Halafu mtafika kwenye mstari wa maskani, na hapo pameandikwa "Kenya". Mara nyingi mstari huo umebaki ndani ya kompyuta ya karani wa wakili tangu ombi la mteja aliyetangulia. Hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Mteja anaapa mbele ya kamishna wa viapo, ada inalipwa, na jalada linaanza safari likiwa na kiapo ambacho aliyeapa hajui maana yake.

Kwa marehemu aliyezaliwa, akafanya kazi na kufia Voi, hakuna madhara. Tazameni sasa mfano wangu. Mzee wa Wundanyi alikwenda Uingereza mwaka 1979. Alifanya kazi Leicester, akachukua uraia wa huko, akaoa mke wa pili huko. Kila baada ya miaka michache alirudi nyumbani, akajenga nyumba Bamburi, akalipia shamba la Wundanyi, akaweka akiba benki Mombasa na kununua hisa. Wosia wake aliandikiwa na wakili wa Leicester: kila kitu ni cha mke wa pili. Amefia Mombasa akiwa kwenye ziara ya miezi mitatu, na amezikwa Wundanyi.

Wosia huo ni halali kwa umbo lake, na tusipoteze muda hapo. Kifungu cha 16 kinaukubali wosia uliotimiza sheria ya mahali ulipoandikiwa, au ya mahali mali ilipo, au ya maskani au uraia wa marehemu. Hata hivyo kila mwaka naona mapingamizi yanayodai kwamba wosia ni batili eti kwa sababu "haukuandikwa Kenya". Hoja hiyo tuiache kabisa.

Vita vya kweli viko kwingine. Watoto wake wa Wundanyi wameachwa mikono mitupu. Kifungu cha 26 kinawaruhusu wategemezi kuomba sehemu ya kuwafaa, lakini kwa mali ambayo urithi wake unatawaliwa na Sheria hii tu. Kwa nyumba ya Bamburi na shamba, mlango uko wazi. Kwa pesa na hisa, mlango huo unafunguka ikiwa tu maskani ya mzee ilikuwa Kenya. Uingereza nako, sheria yao ya mwaka 1975 ya kuwatunza wategemezi inasikiliza maombi ikiwa tu marehemu alikufa na maskani Uingereza na Wales, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu hati ya mirathi kutolewa huko. Hapa kwetu ombi la kifungu cha 26 halipokelewi hati ikishathibitishwa. Ni kifungu cha 30. Basi familia inakimbia na saa mbili zisizokwenda pamoja, na matokeo yake ni jambo linaloniudhi kuliko mengine yote: mtoto mmoja anaapa Mombasa kwamba baba hakuacha kamwe kuwa mtu wa Kenya, na ndugu yake, kwa ushauri wa wakili mwingine, anaapa kule kwamba baba alihamia Leicester kwa maisha yake yote. Viapo vyote viwili vinamfikia mke wa pili. Wakili wake hahitaji kufanya kazi kubwa.

Wazee wakiulizwa maskani hutujibu kwa kaburi. Nalielewa jibu hilo. Nchi hii iliishi na kesi ya S.M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka azikwe shamba lao huko Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki ya kuzika. Tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba alipolala mtu ndipo kwao, hata kwa mirathi. Kesi ile ilihusu mazishi. Kaburi linaweza kuwa ushahidi mmoja wa nia ya marehemu, hasa kama yeye mwenyewe aliusia azikwe pale, lakini halimalizi swali. Pasipoti pia hailimalizi. Kabla ya Katiba ya 2010 Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya, na wengi waliuchukua kwa ajili ya kazi na pensheni huku moyo ukiwa nyumbani. Uraia na maskani havisafiri gari moja.

Wala wingi wa miaka haumalizi neno. Mwaka 1930 Baraza la Malodi la Uingereza lilisikiliza kesi ya George Bowie, mtu wa Glasgow aliyekaa Liverpool miaka 36 mpaka kufa kwake 1927. Wosia wake aliuandika kwa mkono wake bila mashahidi. Kwa sheria ya Uskoti ulikuwa halali, kwa ya Uingereza ulikuwa bure. Alikuwa hafanyi kazi, akitunzwa na nduguze, na hata mama yake alipokufa hakurudi Glasgow kumzika. Mahakama ilisema maskani yake ilibaki Uskoti, kwa kuwa kukaa tu, hata kwa miaka yote hiyo, hakukuonyesha nia. Nia ndiyo inayotakiwa kuthibitishwa, na haithibitishwi kwa kujaza neno moja kwenye fomu.

Na tusidhani mahakama mbili zitakubaliana. John Dorrance wa kampuni ya supu ya Campbell alipofariki 1930 aliacha nyumba New Jersey na Pennsylvania. Mahakama za kila jimbo ziliamua maskani yake ilikuwa kwao, na majimbo yote mawili yakatoza kodi ya mirathi, mamilioni ya dola kila upande. Ikiwa hayo yalitokea ndani ya nchi moja, Leicester na Mombasa zina hatari zaidi.

Niguse Waislamu, kwa kuwa makadhi wapo. Kifungu cha 2(3) kinaitoa mirathi ya Mwislamu katika vifungu vya Sheria hii vinavyohusu ugawaji, nayo inakwenda kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo mzee wangu angekuwa Mwislamu, watoto wasingekuwa na kifungu cha 26, bali wangesimama kwenye mafungu yao na kwenye kikomo cha wosia kutozidi thuluthi. Mahakama ya Kadhi inaisikiliza ikiwa pande zote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Mjane wa Leicester asipokubali, shauri linakwenda Mahakama Kuu. Lakini kwa pesa na hisa, swali la maskani bado linatangulia. Naomba lisirukwe hata huko.

Napendekeza yafuatayo, na mtanisamehe nikijirudia. Masjala zisipokee ombi lenye neno "Kenya" peke yake kwenye mstari wa maskani ikiwa marehemu aliishi, alifanya kazi au aliandika wosia nje; zidai aya mbili au tatu za kiapo zinazoeleza alihama lini, alirudi mara ngapi, familia iliishi wapi, kodi alilipa wapi, alisema nini kuhusu kurudi. Wakili amuulize mteja maswali hayo kabla ya kuchapa, si baada ya pingamizi. Familia yenye mali nchi mbili itafute mawakili wa pande zote mbili na kuwakutanisha kabla ya mtu yeyote kuapa popote, ili isiape mambo mawili.

Hati iliyotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola, kama Tanzania, Uganda, Uingereza au Canada, iletwe Mahakama Kuu ipigwe mhuri chini ya kifungu cha 77. Mhuri humpa msimamizi mamlaka, na warithi wasiambiwe kwamba umeshaamua nani anarithi nini. Marekani na Omani, ambako watu wetu wengi wako, hazimo katika Jumuiya hiyo. Kifungu hichohicho kinamruhusu Mwanasheria Mkuu kuziongeza nchi nyingine kwa tangazo katika Gazeti Rasmi, na ningependa aombwe afanye hivyo. Mpaka hapo, familia za huko zijiandae kuanza ombi jipya hapa, zikiwa na nakala ya wosia iliyothibitishwa.

Machifu, barua yenu iseme mnachokijua: marehemu alionekana lini, alikaa kwa nani, alijenga lini. Msiandike "ni mkaaji wa kudumu wa kata hii" kwa mtu mliyemwona kwenye arusi mbili. Wasaidizi wa kisheria, mkiwa na mtu wa ng'ambo aliye hai, mwambieni aandike ndani ya wosia wake, kwa sentensi moja, ni nchi gani anaiona makao yake ya kudumu na kwa nini. Sentensi hiyo haitaifunga mahakama, lakini itakuwa sauti yake mwenyewe kati ya viapo vya wengine.

La mwisho ni kwa wenye kutunga kanuni. Mstari wa maskani katika fomu utenganishwe na wa makazi, upewe nafasi ya kuandikia sababu, na chini yake pawe na maelezo kwa Kiswahili ambayo anayeapa ataweza kuyasoma kabla ya kutia sahihi. Kazi hiyo haihitaji Bunge. Naomba ifanywe mwaka huu.