TUTA LISILO NA GENGE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Muhoroni)



Sisi wa reli twajua: kalvati likiziba, maji hula tuta la njia kwa usiku mmoja. Mto Nyando ni vivyo hivyo. Maji yake hutoka vilima vya Nandi na Tinderet, hupita huku kwetu, kisha huingia Uwanda wa Kano. Huko nchi ni tambarare. Maji hupunguza mwendo na kutua udongo. Sakafu ya mto huinuka, na tuta lililotosha jana leo ni fupi. Ziwa nalo likijaa, kama mwaka 1964 na 2020, mto hukosa pa kumwaga.

Basi kujenga tuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulitunza: kuzibua mifereji, kufukia matundu, kuzuia udongo mashambani. Reli ina genge lake. Tuta la mto lina nani?

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliunda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ikawapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji maji. Ndugu, tuingie humo, tuulize kabla ya masika. Kule Ahero wamelala jamaa zetu. Udongo unaowafurika hutoka mashamba yetu.